Nilimtangaza Muzee kwa Simu, Akazikwa kwa Nyundo Moja

Kosa ni langu, jamani, na sitafuti wa kunitetea. Nalisema hapa kwa sababu hapa hamnijui sura, na huku Goma sina tena wa kumwambia.

Mimi ni seremala, katibu wa chama cha maseremala wa mtaa wetu. Tuna desturi moja: seremala akifa, sanduku lake la kuzikiwa halinunuliwi. Katibu anapita kwa miguu atelie hadi atelie, karakana zetu zote, kutoa habari. Kila mmoja anakuja na ubao wake, na sanduku tunalipiga wote pamoja, palepale uani kwa marehemu. Mjane akisikia nyundo nyingi, anajua mume wake alikuwa mtu wa watu.

Nilipopewa ukatibu niliona kutembea ni ushamba. Nikafungua grupu ya watsapu. Mikutano humo, misiba humo, picha za makabati humo. Na siwadanganyi, ilisaidia! Tulipofanya maonyesho ya samani, wateja walikuja hadi kutoka Rutshuru kwa sababu ya zile picha. Nikavimba kichwa.

Siku niliyoitangaza grupu mkutanoni, Muzee aliyenifundisha kazi aliinua mkono. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya tochi.

“Mutoto yangu, na miye mwenye sina ile telefone, habari itanifikia namna gani?”

“Papa, utauliza jirani. Dunia iko inaenda mbele!”

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Kisha volkano ikalipuka, tukaambiwa tuhame mji. Hapo grupu ilifanya kazi kweli! Huyu yuko Sake, huyu amevuka mpaka, huyu yuko Rutshuru kwa shangazi yake. Nilijua walipo wote, isipokuwa Muzee. Nikajiambia atakuwa na watoto wake. Kumbe alidandia lori na mkewe hadi Kalengera, hawana mtu huko. Aliporudi alipita kwangu.

“Sikuona mutu hata moja wa kunitafuta. Nilizani mulikufa wote.”

Mungu wangu! Neno lile lingenitosha kunizindua. Mimi nikamjibu tu kwamba zilikuwa vurugu za siku zile.

Baadaye waasi wakaingia mjini. Wenzetu wengi wakakimbia nchi. Waliobaki walifuta grupu kwenye simu zao, wakiogopa kukaguliwa njiani. Hata mimi simu yangu niliificha ndani ya unga. Nilijua hayo yote, ndiyo maana sina pa kujificha.

Wiki zilezile Muzee akaugua, dawa hazipatikani, akafa. Mama, mkewe, akaja kwangu asubuhi.

“Papa yenu amekufa. Ambia wenzake.”

Nikaandika ujumbe mzuri, nikaweka picha yake na mshumaa. Pole zikamiminika! Nyuso za kulia, mikono ya kuomba. Nikazihesabu pole kama watu. Sikuangalia zinatoka wapi: Kampala, Bujumbura, Nairobi. Maseremala waliobaki mtaani ningewafikia wote kwa mwendo wa nusu saa, lakini sikutoa mguu nje.

Kesho yake nilikwenda na ubao wangu begani. Uani nilimkuta Mama, binti zake na majirani wachache. Mwenye ubao nilikuwa mimi peke yangu.

“Wenzako wako wapi?”

Nikamwonyesha simu. Nikamwambia pole ni nyingi, Mama, tazama.

“Miye sijue kusoma ile. Onyesha mbao.”

Nikairudisha simu mfukoni. Maziko hayakuweza kungoja, kila mtu alitaka kurudi kwake mapema. Basi nikaivunja meza ya kazi ya Muzee, ileile niliyojifunzia kushika randa, nikapiga sanduku peke yangu. Mama alikaa akinisikiliza nikigonga.

Sasa sikilizeni lile ambalo sijamwambia mtu. Nilipopumzisha mkono, nilisikia nyundo nyingine inalia barabara ya pili. Ilikuwa ya mwenzetu, fundi wa milango. Naye Muzee alimfundisha. Alikuwa kwenye kazi zake, hana habari!

Ningekwenda kumwita, angekuja mbio na kila ubao alio nao. Sikwenda. Niliona haya kumwambia kwamba baba yetu wa kazi alikufa jana na mimi sikuja kumwambia. Nikaendelea kugonga, kwa nguvu zaidi, nisimsikie.

Alipopata habari alikuja akasimama mlangoni kwangu, machozi yanamtoka.

“Siku ile nilikuwa napiga nyundo pale kwangu. Haukunisikia?”

“Hapana. Sikukusikia.”

Alinitazama, akaenda zake. Sijui kama aliniamini.

Chama hakikutani tena. Kwenye grupu wametoka mmoja mmoja, nimebaki na walio mbali, ambao hata wao hawaandiki. Mama anaitikia salamu yangu bila kusimama. Nikipasua ubao mrefu sina wa kunishikia upande wa pili, naufunga kwa kamba dirishani. Ninazungumza na mbao, jamani! Mtu mzima!

Ninyi makatibu wa vyama, wa washonaji, wa wauguzi, wa walimu, nawasihi. Grupu si mbaya. Tangazeni humo mikutano na maonyesho yenu, watu watakuja. Lakini msiba peleka kwa mdomo wako, na mwenye simu ndogo umwanze yeye. Na kama umechelewa, nenda hivyohivyo na haya yako usoni, bisha hodi, useme umechelewa. Usikae kama mimi. Yule fundi wa milango bado yuko barabara ya pili, kila asubuhi namsikia akigonga, na mpaka leo sijaenda.