Gunia Juu ya Waya

Tarehe 11 Machi 2014 alipewa leseni ya kuendesha malori makubwa, baada ya mtahini kumuuliza mara mbili kama hakukosea foleni. Leo madereva wa njia ya machimbo humwita Mama Winchi. Lori lake la magurudumu sita, lililonunuliwa mnadani jeshi lilipolichoka, ndilo wanaloliombea lifike mvua inapoharibu barabara, liwakwamue kwa winchi, mashine yake ya kuvuta kwa waya wa chuma.

Kabla yake liliendeshwa na mumewe, akisaidiwa na mdogo wa mume huyo, aliyebandikwa jina la Jemedari. Kazi hiyo ina sharti: waya ukikazwa, juu yake hulazwa gunia zito lililolowa, ili ukikatika uanguke chini usiruke. Siku moja Jemedari, kwa haraka zake, alilitoa gunia. Waya ukakatika, ukamchapa kaka yake gotini, na mguu haukupona tena. Kisha Jemedari akaeneza mjini kwamba kaka alikuwa amelewa. Mtu ambaye pombe hajawahi kuionja akakimbiwa na wateja, kisha na marafiki.

Mama Winchi alishika usukani. Jambo lile aliliweka moyoni, akalitunza kama nguo ya harusi.

Jumanne iliyopita Jemedari, ambaye sasa ana lori lake la jeshi, alizama mpaka ekseli kwenye bonde la machimbo. Nyuma yake malori mengine nayo yalikuwa yamekwama. Mama Winchi akafika.

"Shemeji, umechelewa," Jemedari alisema dirishani. "Funga waya twende."

"Siku ile nani alitoa gunia?"

"Ah! Hayo bado tu?"

"Waambie hawa. Nani alilitoa, na nani alikuwa mlevi."

Jemedari akainama, akanong'ona, "Ni mimi. Kaka hakulewa. Basi, yaishe."

"Mimi nimesikia. Wao je?"

"Paza sauti, Jemedari!" dereva mmoja akadakia. "Au nayo imezama?"

Wenzake wakaangua kicheko. Jemedari akapandisha kioo.

Mama Winchi akapita pembeni, akaanza kuwavuta wengine, mmoja baada ya mwingine, gunia likiwa juu ya waya kila mara. Jua lilikuwa kali. Tope la bonde lile ni la mfinyanzi: likiwa bichi gari hutoka, likikauka hushika magurudumu kama saruji. Jemedari alilijua hilo. Alasiri akapiga honi.

"Nivute kwanza, shemeji. Nitasema tukifika mjini."

"Mjini ulikwisha kusema ya kwako. Anzia hapa."

Kioo kikapanda tena. Mama Winchi akakunja waya wake, akaondoka.

Lori la Jemedari bado liko bondeni, na tope limekauka. Kesho vibarua wataanza kulichimbua kwa sururu. Mama Winchi amekwisha kuwaambia madereva wote: atakayemvuta Jemedari, siku akikwama asimpigie simu.