Mama Aliyeitwa Mama Mdogo

Mama yangu, Thoa, ni fundi cherehani wa mji wa Nam Định, na tangu mdogo wangu Tép aanze kusema, alimwita mama mdogo.

Tép alizaliwa dhaifu. Maziwa hayakumkaa tumboni, homa haikumwacha. Mtabiri akasema nyota ya mtoto na ya mama yake hazipatani, kwa hiyo Tép akafanywa, kwa jina tu, mtoto wa mke wa kaka yake baba, ili pepo wasijue ni wa nani. Huyo ni mama mkubwa Ngân, jirani yetu, ambaye hakujaliwa mtoto. Tép alilala kwetu, na aliyemkesha ni Mama. Lakini neno "mama" lilikuwa la Ngân.

Mwaka huu Tép alitimiza miaka kumi na miwili, umri wa kurudishwa kwa mama yake, tukaenda hekaluni kumkomboa kwa uvumba na maua. Sasa alikuwa huru kumwita Mama mama. Hakumwita. Hakumwita chochote. Akitaka kitu, alikuja akasimama mbele yake, akangoja aonwe.

Baba akaona twende wote Ninh Bình, tutembee mjini kisha tupande mashua mtoni, tufurahie. Mama alimshonea Tép gauni la manjano. Asubuhi ya safari Tép alitoka na fulana yenye picha ya dubu aliyonunuliwa na Ngân.

"Gauni limekubana?" Mama akauliza.

"Joto."

"Na hilo dubu halina joto?"

"Mwache avae anachopenda, Thoa," Ngân akasema.

"Sijamkataza, dada. Nimeuliza tu."

Mjini, kwenye kibanda cha tambi karibu na soko, Ngân alianza kutoa majani ya mnanaa kwenye bakuli la Tép bila kuombwa. Mama akaacha kula.

"Kwangu anakula mnanaa."

"Kwako anaogopa," Ngân akasema, akacheka kidogo.

Mama hakucheka. Aliyaokota yale majani moja moja, akayala yote.

Mtoni, baba na kaka yake walichukua mashua yao na bia zao. Sisi wanne tukapanda nyingine. Mwenye mashua, mwanamke wa makamo, alijilaza nyuma akapiga makasia kwa miguu, mikono ikabaki na kazi ya kumenya karanga.

"Haya, mama wa binti huyu ni yupi?" akauliza. "Maana wote wawili mnamtazama kama mtamla."

Nikajifanya natazama mpunga uliokwisha iva pande zote mbili.

"Shangazi, ona mbuzi kule juu mwambani!" Tép akamwambia mwenye mashua.

"Makubwa! Nimeuliza mama, nimejibiwa mbuzi."

Kisha tukaingia pango la kwanza, ambalo ni refu. Jiwe likatushukia karibu na vichwa, mwanga ukaisha. Mashua ikagonga ukuta, maji ya baridi yakadondoka shingoni mwa Tép, naye akapiga kelele: "Mama!"

Nikangoja sauti ya Ngân. Siku zote yeye ndiye aliyewahi. Bega lake lilikuwa limegusa langu, nikamsikia akivuta pumzi, akaizuia. Hakuitika.

"Nipo, mwanangu," Mama akasema, akanyoosha mkono gizani.

Nadhani Tép alikuwa akiupapasa ule mkono, akaifikia ncha ya kidole iliyokomazwa na sindano.

"Siye," akasema.

"Ndimi niliyepo," Mama akajibu.

Tulipotoka kwenye mwanga, Tép alikuwa bado amekishika kile kidole. Ngân alikuwa amegeukia mashamba, akijifuta uso kwa utepe wa kofia yake. Mama akamtazama muda mrefu, nami nikaona furaha ikimtoka usoni. Alikuwa ameelewa.

"Hata hili nimepewa na yeye," akaninong'oneza, kwa uchungu.

Mbele, mdomo wa pango la pili ulikuwa umeanza kuonekana. Tép akajikunja.

"Dada," Mama akasema, bila kumtazama Ngân. "Geuka huku. Bado mapango mawili, na huyu anaogopa."

Ngân akasogea, akamshika Tép mkono wa pili. Mama hakuuachia wake. Akaukaza zaidi, mpaka Tép akalalamika: "Mama mdogo, unaniumiza."

Akaulegeza, kidogo tu.