Matumbo ya Buluu

Brigita alikuja Lisekese kutoka Njombe akimfuata mumewe, mwalimu. Mwalimu alipohamishwa tena, yeye alikataa kufungasha. Alikuwa ameshapata wateja, na majirani walikuwa wameshazoea kumwita Mama Charles. Akabaki na duka lake la mchele, maharage na unga.

Mwaka huo, mahindi yalipovunwa na mashamba kubaki matupu, panya walihamia dukani. Walitoboa magunia na kuacha mavi juu ya mchele. Brigita aliziba matundu kwa matambara, wakayatafuna. Mwishowe alinunua sumu, vipande vya buluu mfano wa sabuni. Vingine aliviweka nyuma ya magunia, vingine nje, chini ya ukuta unaopakana na shamba. Hakumwambia mtu. Nani angenunua unga kwenye duka lenye panya?

Asubuhi moja alikwenda kumrudishia ungo jirani yake Paskalia, mama yake Pendo. Alimkuta kwenye kigoda, akipasua panya wa porini aliowatega mumewe, Hilary. Brigita hakuwahi kuwala, lakini alishazoea kuwaona wakikaushwa kwenye vijiti.

"Karibu, Mama Charles. Hebu tazama, siku hizi hawa wanakula nini? Matumbo ya buluu!"

Brigita alitazama. Ungo ulimponyoka.

"Baba Pendo anategea wapi?"

"Hapo nyuma ya duka lako. Wamenona hao, wanaokota mchele wako."

Hakuna aliyemwona akiweka vile vipande. Angeweza kusema tu, watupe hao, hawafai, kisha aende zake. Pendo, mtoto wao mdogo, alikuwa amekaa mlangoni, anachezea kifuniko cha chupa.

"Mama Pendo, ni sumu. Niliiweka mimi."

Paskalia aliweka kisu chini taratibu. "Uliiweka wapi?"

"Ndani. Na nje, ukutani."

"Nje? Watoto wanapopita?" Alimvuta Pendo, akamfungua mdomo, akamkagua fizi kwa kidole. "Huyu amekula mmoja wao jana, mimi sijagusa. Na baba yake ameondoka nao alfajiri, kitoweo chake na wenzake huko shambani. Wanapogolea mikorosho Chiwata."

Walipiga simu ya Hilary. Haikupatikana. Wakapiga tena.

"Mpeleke mtoto hospitali, beba na paketi hii ya sumu," alisema Brigita, akiwa ameshaifuata dukani mbio. "Mimi namfuata baba yake."

Nickson, kijana wa bodaboda, aliposikia habari hakuuliza nauli. Pikipiki iliserereka kwenye mchanga, Brigita amemng'ang'ania kiunoni, akiona kila moshi wa shambani kama moto wa kupashia kitoweo. Shamba la kwanza halikuwa lenyewe. La pili waliwakuta wanaume kando ya rundo la matawi, wamenawa, ugali umeshafunuliwa. Hilary alikuwa anatafuna.

"Tema! Baba Pendo, tema!"

Hilary alitema mkononi. Alikuwa ameshammaliza panya mmoja. Wenzake walikuwa bado hawajagusa. Brigita alieleza. Mmoja wao alisema kwa sauti, "Wageni hawa watatumaliza." Hilary alipanda pikipiki.

Hospitali daktari aliisoma paketi. Sumu hii, alisema, huzuia damu kuganda, na haijioneshi siku hiyohiyo. Aliwachoma sindano baba na mtoto, akawachukua damu, akataka warudi keshokutwa. Wakiona damu puani, kwenye fizi au kwenye mkojo, waje mara moja.

Siku zile Brigita hakufungua duka. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaokota kila kipande cha sumu na kila panya aliyekufa, akavifukia kwenye shimo refu. Kila Pendo alipolia ng'ambo ya ua, alisimama na kusikiliza. Alipiga hodi kwao; Paskalia alimjibu akiwa ndani, "Hajambo," basi.

Majibu yalikuwa mazuri. Damu ya wote wawili ilikuwa inaganda vizuri. Hilary ndiye aliyekuja kumwambia, amesimama nje ya kizingiti.

"Tumepona. Lakini ungesema, Mama Charles. Neno moja tu, ningehamisha mitego."

"Niliona aibu."

"Aibu ya panya?" Aliondoka akitikisa kichwa.

Brigita alimwita fundi akaziba matundu kwa saruji na vipande vya bati. Magunia aliyainua juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, akawa anafagia punje kila jioni na kutega mitego ya kubana. Panya walipungua. Paskalia aliendelea kununua unga duka la mbali, akipita mbele yake na mfuko kichwani.

Mikorosho ilikuwa inachanua Paskalia alipoingia dukani.

"Nipimie mchele." Aliinama, akachungulia chini ya chaga. "Wapo bado?"

"Mmoja mmoja. Nawatega."

"Hao wa dukani sisi hatuwali," alisema Paskalia, na Brigita hakujua kama acheke. Alipima mchele, akaongeza kiganja kimoja. Paskalia alikitazama, akakirudisha guniani, akalipa.