Yeyo Alikataa Kuuza

Mama yangu hajui kusoma, lakini kwa miaka mingi ameamini kwamba maneno yake yako kitabuni. Sisi humwita Yeyo, kama Wamaasai wengine wanavyowaita mama zao.

Katika miaka ya tisini watafiti wawili wa kigeni walikuja kwetu Mashuuru. Walitaka kujua kwa nini watu walikuwa wakiuza ardhi ya upande wa Kitengela, sisi tukiwemo. Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa, na pale bomani ni mimi tu niliyejua Kiingereza, basi nikakalishwa katikati nitafsiri. Nilijiona mtu mkubwa sana. Wakamuuliza Yeyo: je, wewe ulikubali mlipouza?

Yeyo alijibu bila kusita. "Nilikataa. Nilisema tusiuze, watoto watalisha wapi? Mume wangu aliuza bila kuniambia, nikaja kujua siku ya kuhama."

Papa, yaani baba yangu, alikuwa ameketi pale pale, fimbo magotini, akitazama ng'ombe. Binti hamshtaki baba yake mbele ya wageni. Nikawaambia wale watu, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba familia ilikaa ikakubaliana. Wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Yeyo alikuwa na furaha siku hiyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.

Papa alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Haukupita muda ndugu yangu mkubwa akaanza kusema mbele ya watu kwamba hata Yeyo alikubali kuuza, asijifanye anaililia ile ardhi. Yeyo hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Wewe uko chuo. Tafuta yale maneno niliwaambia wale wazungu. Niletee karatasi."

Kweli nilikuwa chuo. Nilikuwa mwalimu, nimepanga nyumba Kitengela, nasomea shahada ya pili wakati wa likizo. Ningemwambia ukweli siku hiyo. Badala yake nikasema, "Sawa, Yeyo, nitatafuta," nikiomba Mungu nisipate.

Nilianzia saiba ya mjini Kitengela, kwenye kompyuta za kukodi. Kichwa cha makala ya wale watafiti kilijitokeza haraka kuliko nilivyotaka, na chini yake muhtasari mfupi usiomtaja mtu yeyote. Nilipobonyeza kuendelea, ukurasa ukadai dola. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuombwa pesa. Nilijiambia: basi, mlango umefungwa, si kosa langu.

Lakini sikulala vizuri wiki hiyo, na nilipoenda chuoni nikamwonyesha mtu wa maktaba kile kichwa cha makala. Nilitumaini ni mvivu. Kumbe hakuwa mvivu hata kidogo.

"Madam, usilipe kitu. Hiyo ni abstract tu," alisema. "University imeshalipia hizi journal. Ingia kwa page ya library, uweke reg number na password yako, halafu uende kwa databases. Ukikosa full text kwa moja, jaribu ingine."

Hifadhi ya kwanza ya majarida ilikuwa na matoleo mapya tu. Ya pili ilirudi nyuma hadi miaka ile, na makala ikafunguka yote, kurasa na majedwali. Nilisoma nikitumaini wale watafiti walimwacha Yeyo nje. Hawakumwacha. Aya nzima ilimhusu yeye: mama mmoja wa Mashuuru alieleza kwamba familia ilikaa ikakubaliana, na hivyo, wakasema, wanawake nao walishirikishwa katika uuzaji. Nikashuka hadi orodha ya makala nyingine zilizoitaja hii. Zilikuwa kadhaa. Uongo wangu wa kidato cha pili ulikuwa umesafiri kuliko mimi.

Niliitoa makala kwenye karatasi, nikaenda Mashuuru. Njiani nilipanga kusema yote. Nilipoinamisha kichwa Yeyo anishike utosini, kama tunavyosalimia wakubwa, alikuwa tayari amevaa shanga zake nzuri, na jirani ameitwa aje asikie.

"Soma," akasema. "Waliandika nilikataa?"

Nilifungua ule ukurasa, nikapitisha kidole juu ya mistari, nikasoma kwa Kimaa maneno yake mwenyewe ya siku ile, neno kwa neno: tusiuze, watoto watalisha wapi.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Jirani akaitikia kwa kichwa, akamsifu. Yeyo alichukua zile karatasi kutoka mkononi mwangu, akazikunja ndani ya leso, akazifungia kwenye sanduku lake la bati.

"Sasa mtu aseme tena niliuza," akasema. "Nitamwonyesha."

Nimejaribu kuziomba mara mbili tatu, eti nizihifadhi vizuri mjini. Hataki kusikia. Ndugu yangu hajui Kiingereza, na kwa muda hilo lilinipa usingizi. Lakini binti yake ameingia sekondari Kajiado, na walimu wanamsifu kwa Kiingereza. Likizo iliyopita Yeyo aliniambia kwa furaha kwamba shule zikifungwa tena atampa mjukuu wake huyo zile karatasi, awasomee watu wote wa boma, baba yake akiwepo.