Plagi Nilikaza Mimi, Fundi Akaitwa Mwizi

Nimekosa. Nasema mapema ili usinisome hadi katikati ukidhani natafuta wa kulaumu. Mwanamume mwenye familia yake aliitwa mwizi kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Nilijua, na nilinyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu na nitaisema yote.

Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wananitaka niliungame, na hilo siungami ng'o! Wanataka niseme nilifanya kosa kufungua boneti. Eti mwanamke wa ofisini ana shughuli gani na injini? Hilo sahau kabisa.

Mimi ni karani katika ofisi moja pale mjini Nairobi. Ninaishi Mountain View na mume wangu na binti yetu, Shiru. Nimezaliwa upande wa Machakos, na baba alikuwa na mashine ya kusaga unga. Kabla sijajua kusuka nywele nilikuwa nimejua kufungua nati. Mume wangu, Baba Shiru, ni mtu mzuri, ila akinunua kitu anakiabudu. Gari letu dogo tulilinunua kwa jasho la wote wawili, lakini ukimsikia utadhani alilizaa mwenyewe.

"Hii gari haiguswi na mtu isipokuwa kampuni iliyotuuzia," alikuwa akisema. "Fundi wa barabarani akikaribia, nitajua."

Basi mwaka jana injini ikaanza kukohoa. Ukikanyaga mafuta kupanda kutoka Kangemi, gari linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nilijua ni plagi, zile zinazowasha mafuta ndani ya injini. Nilipitia kwenye kampuni saa ya chakula cha mchana nikauliza bei ya kubadilisha. Wueh! Yule dada wa mapokezi alinitajia pesa ambazo zingemlipia Shiru karo ya muhula na viatu juu.

"Hizo ni za gari zima ama za plagi?" nikamuuliza.

"Ni plagi na kazi, Madam. Hapa tunatumia zetu za kampuni."

Nikatoka. Nikashuka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, nikanunua plagi nne halisi kwa sehemu ndogo tu ya bei ile. Hazikuwa bandia, hilo nililihakikisha. Nikanunua na spana yake ndefu.

Jumamosi moja Baba Shiru alienda mazishini Murang'a akabebwa na rafiki zake. Gari likabaki. Mimi huyo!

Kama hujawahi kuifanya hiyo kazi, nikuambie si uchawi. Unafungua kifuniko cha plastiki, unatoa koili, yaani vile vidude vinavyopeleka moto kwenye plagi. Unaingiza spana kwenye tundu, unazungusha, plagi inatoka. Mpya inaingia palepale. Ya kwanza ilinitii. Ya pili nayo. Ya tatu nikaanza hata kuimba wimbo wa kanisani. Aki nilijiona mtu!

Ya nne ikakataa.

Ilikuwa imekaa pembeni kabisa, mahali ambapo mkono hauingii vizuri. Ilizunguka kidogo ikakwama. Fundi yeyote mwenye akili angeitoa aanze upya, taratibu, kwa vidole. Nami nilijua hivyo! Baba alinifunza hivyo! Lakini nilikuwa na haraka, na kiburi kilikuwa kimenipanda hadi utosini. Nikashika spana kwa mikono miwili nikakaza.

Nikasikia krrr! Ni kama kutafuna mchanga.

Ilikuwa imeingia upande na kukwangua yale mapindo kama ya skrubu ndani ya tundu ambayo ndiyo huishika plagi. Nilijua nimeharibu. Lakini ilishika kidogo. Nikarudisha koili, nikawasha gari, na injini ikanguruma vizuri kama mpya. Nikajiambia, si imekubali? Nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Baba Shiru aliporudi nikampakulia chakula, nikanyamaza.

Akaendesha gari akafurahi. "Unaona? Gari ya kampuni hujiponya yenyewe," akasema. Nikacheka moyoni. Nilitaka kumwambia siku ile, haki ya Mungu, lakini nikaona wacha nimwache na furaha yake.

Baadaye ukafika wakati wa gari kubadilishiwa mafuta. Akalipeleka kampuni, likahudumiwa na fundi mmoja anayeitwa Kyalo, jina la kwetu Machakos, anayekaa Uthiru. Kubadilisha mafuta hakuhitaji kugusa plagi. Kyalo hakuzigusa. Alimwaga mafuta machafu, akaweka masafi, basi.

Wiki hiyohiyo Baba Shiru alikuwa akimpeleka Shiru shule. Walipokuwa Waiyaki Way karibu na Kangemi, paa! Mlio kama wa risasi. Ile plagi ya nne ilikuwa imerushwa na nguvu za injini ikafyatuka kutoka kwenye tundu. Shiru alipiga mayowe akajilaza chini ya kiti. Magari ya nyuma yalikosa kuwagonga kwa rehema za Mungu tu.

Alinipigia simu. "Mama Shiru, tungekufa! Ni hao wa kampuni! Juzi tu wameshika hii injini!"

Nilikuwa kwenye meza yangu ya kazi. Hapo ndipo ningesema. Hapohapo! Nikasema nini? Nikasema, "Pole, Baba Shiru. Mtoto hajaumia?"

Hilo swali lilikuwa la kweli. Lakini nililitumia kama shuka la kujifunikia.

Gari likavutwa hadi kampuni. Baba Shiru akawasimamia kichwani. Akawaapia kwamba tangu tulinunue halijawahi kuguswa na mtu mwingine. Meneja akafungua injini akakuta plagi si zile za stoo yao. Sasa fikiria wewe mwenyewe. Mteja anaapa hakuna aliyeligusa ila ninyi. Plagi si zenu. Aliyeligusa mwisho ni Kyalo. Meneja akajumlisha: Kyalo ametoa plagi za kampuni akaziuza, akaweka za mtaani, na akazikaza vibaya.

Kyalo akasema hajazigusa. Nani angemwamini?

Jumapili baada ya kanisa Baba Shiru alituhadithia akitafuna nyama, amejaa ushindi. Kampuni ilikuwa imetengeneza kila kitu bure na kumwomba msamaha.

"Na yule mwizi wamemfukuza," akasema. "Walimtoa mbele ya wenzake wote. Kumbe ana watoto wadogo. Si angefikiria hao kabla aibe?"

Shiru akauliza, "Baba, alikuwa anataka kutuua?"

"Alitaka pesa tu, mwanangu. Watu kama hao hawajali."

Mtoto wangu alikuwa anafundishwa kumchukia mtu kwa jambo ambalo mama yake alilifanya! Na bado, sikilizeni vizuri, bado nilimaliza kula. Nikaosha vyombo. Nikaenda kazini Jumatatu nikarudi, na Jumanne vilevile. Kila nikitaka kusema naona uso wa Baba Shiru, nafunga mdomo. Woga ni kitu kibaya. Huwa unajivika nguo za heshima ukajiita amani ya nyumba.

Kilichonitoa pangoni ni Shiru. Alikuwa barazani akicheza na watoto wa jirani, mmoja amejifanya fundi, naye Shiru anamfukuza kwa fimbo akipiga kelele, "Mwizi! Toka! Mwizi wewe!"

Kesho yake sikwenda ofisini. Nilienda kwa meneja.

"Plagi nilibadilisha mimi," nikamwambia. "Kyalo hana hatia."

Akaniangalia kutoka viatu hadi kilemba. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kazi na viatu vya visigino. Akatabasamu.

"Wewe, Madam? Wewe ulifungua injini?"

"Mimi."

"Kwani huyu Kyalo ni nani wako? Ni mtu wa kwenu?"

"Ni mtu niliyemharibia kazi."

"Madam, naelewa huruma. Lakini usijichafulie jina kwa sababu ya mtu wa kwenu. Bwana yako alikuwa hapa. Alisema hakuna aliyeigusa."

Jamani! Nimekuja kuungama na ninakataliwa ungamo! Hasira ilinipanda hadi nikasahau woga. Nikamwambia, "Nipe gari lolote huko nyuma. Nipe na spana."

Alidhani natania. Nikavua viatu. Tukaenda kwenye gereji, mafundi wakaacha kazi wakakusanyika kuona sinema. Kulikuwa na gari kama letu, injini imepoa. Nikakunja mikono ya blauzi. Nikatoa kifuniko. Nikatoa koili. Nikafungua plagi ileile ya pembeni, nikaishika juu wote waione. Kisha nikairudisha kwa vidole, polepole, ikiingia kama ufunguo kwenye kufuli lake, na nikamalizia kwa spana kidogo tu.

"Hivi ndivyo inavyofaa," nikasema. "Na siku ile sikufanya hivi. Niliikaza kwa nguvu ikiwa upande. Kama hamniamini, mimi niwaambie ilikuwa tundu gani na iliharibika vipi. Ni hii hapa. Ama naongopa?"

Hakuna aliyecheka tena. Fundi mmoja mzee akaitikia kwa kichwa. "Bosi, ni hiyo. Ni hiyo kabisa."

Meneja alinipigia hesabu ya matengenezo yote papo hapo na nikakubali kulipa. Halafu akampigia simu mume wangu mbele yangu. Sikumzuia.

Nisikufiche, nyumbani kulikuwa moto. Baba Shiru hakunipiga, si mtu wa hivyo, lakini maneno yake yalikuwa na makali. Na unajua kilichomuuma ni nini? Nilidhani ni Shiru kuponea chupuchupu barabarani. Hapana.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu!" alisema. "Niliapa! Niliapa mbele ya meneja! Sasa wananicheka, eti bibi yake ndiye fundi!"

"Nilikufanya mwongo, na hilo naomba msamaha. La kuwa fundi siombi."

"Ungenyamaza tu! Ile ni kampuni kubwa, wangepata fundi mwingine!"

"Na Kyalo angepata nini?"

Alichukua ufunguo wa gari, na hadi leo hajanirudishia. Mamake akanipigia kutoka Murang'a kuniambia mke mwerevu hujua kufunika. Rafiki yangu mmoja wa kanisani akaniambia ningetuma hela kidogo kwa M-Pesa bila jina, yaishe. Nikamuuliza, jina la mtu linanunuliwa kwa M-Pesa tangu lini?

Nilienda Uthiru mwenyewe. Kyalo anaishi kwenye ploti yenye vyumba vingi na mfereji mmoja wa maji uani. Mkewe alinifungulia mlango akarudi ndani bila kunikaribisha chai, na nilistahili hivyo. Kyalo alinisikiliza amesimama. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ni baridi.

"Kampuni wamenipigia, wamesema nirudi," akasema. "Asante kwa hilo. Lakini Mama Shiru, umenisafisha kwa bosi. Hapa kwa ploti nani atanisafisha? Landlord aliniambia nikimaliza mwezi nitoke, hataki wezi. Mtoto wangu alikatazwa kuingia kwa nyumba ya jirani."

"Niambie nifanye nini, Fundi."

"Toka hapo nje useme."

Nikatoka. Kina mama walikuwa mferejini wakichota maji. Nikasimama hapo, mtu mzima, mama wa kanisa, nikasema kwa sauti kwamba mimi ndiye niliyeharibu lile gari na kwamba Kyalo hajaiba hata msumari. Mmoja akasonya. Mwingine akaniuliza nilikuwa wapi siku hizo zote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nikaimeza yote mbele yao.

Kyalo alirudi kazini. Landlord akamwacha akae. Ungetaka niishie hapo? Siishii. Nilikutana naye hivi karibuni akaniambia kuna wenzake ambao bado huhesabu spana zao akitoka. Wanajua hana hatia. Waliniona kwa macho yao. Na bado wanahesabu! Hiyo siwezi kuirekebisha, hata nikifungua injini zote za Nairobi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sikiliza. Bei za kampuni zikikuchoma, nunua plagi halisi ubadilishe mwenyewe. Usiogope, na usikubali mtu akuambie mikono yako ni ya sufuria tu. Injini iwe baridi. Anza kwa vidole. Ikikataa, itoe, pumua, anza tena. Jirani yangu akiniletea gari lake kesho, nitalifungua mchana kweupe, Baba Shiru akitazama.

Ila ukiharibu, sema. Sema siku hiyohiyo, mikono ikiwa bado na mafuta. Usingoje upate ujasiri, maana wakati wewe unaungoja, kuna mtu anatolewa kazini mbele ya wenzake, na watoto wake wanaambiwa wasiingie kwa nyumba za watu.