Taa ya Mchana

Nilimkuta mama amefariki saa saba mchana, na kitu cha kwanza nilichotazama hakikuwa uso wake. Nilitazama taa.

Taa ilikuwa imezimwa.

Naitwa Mikdad, fundi wa redio na tivii hapa Dunda, Bagamoyo. Mama yangu, Bi Sihaba, alikaanga samaki miaka thelathini, moshi wa kuni ukamla mapafu. Mwisho hospitali wakasema asikae bila mashine ya oksijeni.

Sasa umeme wa mtaani kwetu una vituko. Upepo ukivuma waya zinagusana, na badala ya volti mia mbili na kitu, zinaingia mia nne. Mashine ya kwanza iliungua hivyo hivyo. Ndugu wakachanga, tukapata ya pili.

Nikajifungia kibandani wiki mbili, nikabuni pawa saplai yangu mwenyewe ya kuvumilia hata volti mia tano. Ilitoa umeme kwa njia tatu: moja ya mashine, moja ya taa, moja ya kuchajia simu. Upepo ukaja, friji za majirani zikaungua, kwetu mashine inaunguruma tu. Watu wakaanza kuniita injinia. Kichwa kikavimba, sifichi.

Ila ilikuwa na kasoro. Saketi yangu ilikuwa inachungulia njia ya taa peke yake. Taa ikiwaka, njia zote zinakaa sawa. Taa ikizimwa, inadhani hakuna kazi, inalegea taratibu, mwisho mashine nayo inazima.

Dawa yake ni rizista moja tu, naifunga ndani inashika nafasi ya ile taa. Sikuwa nayo. Nikasema nitaifuata Kariakoo, kwa sasa taa itatosha.

"Taa hii isizimwe, usiku na mchana," nikamwambia mke wangu, Ummy.

Mama akadakia kitandani, "Mchana kweupe taa ya nini, mwanangu?"

"Iache tu, mama. Mambo ya kifundi hayo, hutaelewa."

Miezi miwili ikapita, Kariakoo sijaenda.

Siku ile Ummy alikwenda bombani kuchota maji. Aliporudi, akaja kibandani mbio kuniita. Mama alikuwa na wiki nzima hajainuka kitandani, kwa hiyo mimi nilijua mkono ni wa nani.

"Wallahi sikuigusa," Ummy akasema.

"Mlikuwa wawili humu ndani. Mmoja ndiye huyo tunakwenda kumzika."

Baada ya arobaini nikamwandikia talaka moja. Akakunja nguo zake, akarudi kwao Vigwaza. Hakunitukana hata neno.

Ikapita miezi mitatu na kitu. Siku moja nikatamani sauti ya mama, nikafungua WhatsApp yake niliyokuwa naiogopa. Kulikuwa na ujumbe wa sauti sijausikiliza, wa siku ile ile, saa tano na nusu asubuhi. Simu nilikuwa nimeiweka kimya, nina redio ya mteja mkononi.

"Mikdad mwanangu, leo nimejikongoja nimeizima ile taa. Ummy kila siku ananikataza, sasa kaenda bombani, nimemvizia. Taa mchana ni israfu, baba, Mungu hapendi. Kama nimekosea, njoo uniwashie."

Alinisubiri. Nililia mpaka wateja wakaondoka.

Mchana huo huo nikaenda Vigwaza. Ummy aliusikiliza ule ujumbe amesimama mlangoni, akamlilia mama yangu, mimi hakunitazama.

"Nimekuja kukurejea," nikasema.

"Eda imekwisha, Mikdad."

"Basi tufunge ndoa upya."

"Nilikuapia kwa Mungu, hukunisadiki. Nikirudi, siku nyingine nitakuapia kwa nani?"

Nikawapa mkono wazee wake, nikaondoka.

Rizista nimeinunua juzi. Kuifunga ilinichukua dakika kumi.

Ndugu zangu, ukimkataza mtu wako jambo, mpe na sababu yake. Mama yangu angeelewa.