Goli Alilolisikia Shemeji

Katika picha tuliyopigwa na kombe, wachezaji kumi na mmoja tumekaa vifua mbele, kombe liko miguuni mwa kepteni, na pembeni kabisa, mkono wa kushoto, amesimama mtu aliyejifunika koti kichwani. Wageni wakiiona picha hiyo ukutani kwangu hawaulizi kombe tulilipataje. Wanauliza yule mtu ana nini. Mmoja alitaka kujua kama ni mwizi aliyekamatwa siku hiyo. Nikamwambia hapana, huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na Tabora nzima hapakuwa na mtu aliyelitamani kombe lile kumshinda yeye.

Goli lenyewe nilifunga mimi. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu sipewi nafasi ya kulisema. Ndugu wakikutana, kila mmoja ana goli lake la kusimulia, na mimi mfungaji naambiwa nisogee nisiwakalie mkeka. Basi leo kalamu iko mkononi mwangu, na atakayetaka kunikatiza aje aikamate.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Shemeji alikuwa seremala katika karakana ya reli, na yeye na dada walikaa mtaa wa Kanyenye, nyumba ya vyumba viwili. Mimi nilitoka kwetu Kwihara nikaja kukaa nao, nikapata kibarua cha kupakia magunia stesheni. Jioni nilicheza mpira, winga wa kulia. Nilikuwa na mbio, hilo hata adui zangu wanakubali. Akili ya mpira ilikuja baadaye, nilipokuwa nimeshastaafu.

Kombe lile la Tanganyika nzima lilikuwa halijawahi kulala Tabora. Kila mwaka lilikwenda pwani, na sisi tulilisikia tu kwa watu wa treni. Mwaka ule tukafika fainali, na fainali yenyewe ikaletwa kwetu, dhidi ya timu ya pwani. Wakubwa wa mpira walipokwenda kuukagua uwanja wakakuta nguzo za magoli zimeliwa na mchwa. Ukiegemea unaanguka nazo. Shemeji akapewa kazi ya kutengeneza nyingine.

Nimeona watu wakihangaikia mahari, nimeona watu wakihangaikia kesi ya shamba, lakini sijaona mtu akihangaika kama shemeji na zile nguzo. Alichagua mninga mwenyewe, akaukataa ubao hata kwa jicho dogo la tawi. Akaranda, akapiga msasa, kisha akaagiza nta ya nyuki kutoka Sikonge akazisugua mpaka zikang'aa kama kabati la padri. Dada alilalamika kwamba kitanda chao kinalia mwaka wa tatu huu na seremala yumo ndani. Shemeji akamjibu kuwa kitanda hakitazamwi na watu elfu moja.

Usiku wa kuamkia mechi tulikuwa tunakula ugali, akaweka tonge chini akaniambia, "Shemeji, mimi naomba kitu kimoja tu duniani. Nilione goli la kwanza likiingia kwenye mbao zangu, kwa macho yangu haya. La pili na la tatu mnaweza kufunga hata nikiwa nimelala."

Nikamwahidi. Kuahidi hakukunigharimu kitu.

Sasa hapa lazima nimlete mama yangu, maana bila yeye picha ile isingekuwa na mtu wa koti.

Kwetu Unyamwezini, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona njiani anageuka upande, anachuchumaa, anapiga makofi polepole kwa heshima, na kusubiri mama apite. Hawasemeshani ila kwa kupitia mtu mwingine. Na hali hiyo haiishi yenyewe. Inaisha siku mkwe atakapompelekea mama zawadi ya kufungua uso, naye mama akaipokea. Shemeji alikuwa ameshapeleka mbili. Ya kwanza ilikuwa mbuzi, mama akamrudisha akasema amekonda. Ya pili ilikuwa jembe, akalirudisha akasema jembe analo. Akamtuma dada kwa mumewe na ujumbe: binti yangu ameolewa na seremala au na mchuuzi? Alete kitu cha mkono wake. Shemeji akaona amedharauliwa, akakataa kupeleka chochote tena. Mama naye hakulegeza. Miaka minne ya ndoa ikawa imepita, mmoja Kwihara na mwingine Kanyenye, wanaheshimiana kwa hasira.

Mama hakuujua mpira na hakuutaka. Siku ile ya fainali alikuja mjini kwa jambo moja tu: karanga zilikuwa zimekomaa shambani na alikuja kunichukua nikavune. Alifika Kanyenye akakuta mlango umefungwa, jirani akamwambia watu wote wako uwanjani. Akaja na kikapu chake cha karanga za kwanza kichwani, moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa pembeni, upande wangu, na mchezo ndio kwanza umeanza, akaniita kwa jina langu la utotoni ambalo timu ilikuwa hailijui.

Nikajifanya sikusikia. Askari akamwambia mama haruhusiwi kuvuka mstari. Mama hakuvuka. Alitembea kando yake. Mimi nikikimbia kwenda mbele, naye huyo anakwenda mbele, ananieleza habari za karanga. Nikirudi nyuma kusaidia, naye anarudi. Watu walidhani ni mshangiliaji wangu, wakampisha.

Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya goli, lile tulilokuwa tunalishambulia, karibu na nguzo zake kadiri refa alivyomruhusu. Alikuwa na nyundo mkononi na mwavuli ubavuni. Mara ya kwanza nilipopata mpira nikachanja mbuga, akainuka atazame vizuri, akamwona mama mkwe wake anamjia mbio na kikapu.

Akageuka. Akachuchumaa, akaupa uwanja mgongo, akaanza kupiga makofi. Nikapiga krosi, ikatoka nje. Nikarudi nyuma, mama akarudi nami, shemeji akageuka tena kutazama. Kufikia hapo mpira ulikuwa umeshafika kwenye goli letu.

Ikawa hivyo mpaka mapumziko. Timu zikabadilishana magoli, shemeji akahamia goli la pili, lile la upande wa kanisa, mama naye akazunguka kunifuata upande wangu mpya, na mambo yakawa yale yale. Tukishambulia, mama yuko kule, shemeji hatazami. Tukishambuliwa, mama yuko mbali, shemeji anatazama. Aliona hatari zote za watu wa pwani. Zetu hakuona hata moja. Kuna wakati alifungua mwavuli akajificha nyuma yake ili achungulie pembeni, lakini mama naye alikuwa anachungulia huku huku kuona ni nani huyu anayefungua mwavuli wakati jua limeshapoa, na macho yao yakataka kukutana. Akaufunga mwavuli upesi, akageuka, akaongeza makofi.

Mtauliza kwa nini hakuhama. Dada alimwendea akamwambia ahamie upande wa pili wa uwanja, atulie. Alikataa. Alisema hawezi kuliona goli la mbao zake kutoka mbali kama mpita njia. Ubishi ule ule uliomkataza kupeleka zawadi ya tatu, sasa ulikuwa unamla mwenyewe.

Zilibaki dakika chache, bila kwa bila. Nikapewa mpira pembeni. Mabeki wawili wa pwani wakanijia, na mama ubavuni kwangu ananiambia kwamba nisipokuja leo karanga zitaotea ardhini na tutakula aibu. Sitadanganya, kwa kuwa leo ni zamu yangu: nilitaka kupiga krosi. Nilipiga vibaya. Mpira ulinigonga muundi wa mguu, ukapaa juu kama kuku aliyefukuzwa jikoni, ukampita golikipa kichwani, ukagonga nguzo ya mbali, ya kushoto, kwa ndani, ukaingia.

Ko! Sauti ile ilisikika mpaka barabarani.

Nilipotazama, shemeji alikuwa bado amechuchumaa, mgongo kwetu, mikono miwili imekutana mbele ya kifua katikati ya pigo. Hakumalizia lile kofi. Niliona mabega yake yameshuka. Nilikuwa na furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na bado nilimhurumia.

Watu wakamwagika uwanjani. Wakambeba kila waliyemkuta, na mama naye wakambeba na kikapu chake, wakimwita mama wa mfungaji, karanga zikimwagika njia nzima. Wakampeleka kwenye kombe. Fundi wa nguzo naye wakamvuta huko huko, apigwe picha. Alipoona wanamsukuma bega kwa bega na mama mkwe wake, alifanya kitu pekee kilichobaki: alivua koti akajifunika kichwa. Mpiga picha akabonyeza. Mama hayumo pichani kwa sababu aliinama kuokota karanga.

Jioni ile nyumba ilijaa. Wanaume walikaa uani na shemeji, mama na wanawake wakakaa ndani, mlango umerudishiwa. Na kila mgeni aliyeingia alimwomba fundi mwenyewe, aliyekaa pale pale nyuma ya goli, awasimulie ilivyokuwa.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, lakini shemeji alikuwepo. Angewaambiaje watu kwamba alikuwepo na hakuona? Akakohoa, akasimulia. Alisema niliwachambua mabeki wanne. Alisema nilituliza mpira kwa kifua. Alisema nilitazama nguzo ya kushoto, nikaichagua, nikapiga kwa mguu wa kushoto. Mguu wangu wa kushoto nautumia kupandia baiskeli tu. Nikamwachia aendelee, mtu anayesifiwa hakatizi.

Lakini nyuma ya mlango mama alikuwa anasikia, naye ndiye aliyeona, tena kwa hatua tano. Nilimjua mama yangu: uongo ulikuwa unamwasha kama upupu. Na hakuruhusiwa kumsemesha mkwewe. Mlango ukafunguka kidogo, dada akatoka na uso wa kazi.

Akamwambia mumewe kwamba mgeni wa ndani anasema mabeki walikuwa wawili. Shemeji akasema mwambie mgeni ahsante. Akaendelea. Dada akatoka tena: mgeni anasema kifua hakikuhusika. Shemeji akasema mwambie mgeni kwamba aliyekaa nyuma ya goli ni mimi. Dada akaingia, akatoka: mgeni anasema ni kweli ulikaa nyuma ya goli, na mgongo wako ameukariri.

Wanaume uani wakaanza kutazama chini. Shemeji akawaambia nguzo iliyogongwa ni ya kushoto, na hilo hakuna atakayembishia. Tukangoja mlango. Haukufunguka. Dada aliniambia baadaye kwamba mama aliuliza: kama hakutazama, hiyo nguzo ameijuaje?

Kesho yake mama aliondoka nami. Nilivuna karanga, bingwa wa Tanganyika mimi, siku tisa.

Shemeji aliendelea kusimulia lile goli mjini, na kila mwaka mabeki waliongezeka. Lakini hakulisimulia tena nyumbani, na nikimtania kidogo tu alinyanyuka akaenda kazini hata kama ni Jumapili. Ndipo nilipojua kwamba halikuwa jambo la mchezo kwake.

Mwaka wa tatu uwanja ukaletewa nguzo za chuma. Zile za mninga zikatupwa kando, watu wakazitaka kwa kuni. Shemeji aliniita na mkokoteni, tukaenda, akapitisha kiganja juu ya nguzo moja mpaka akapata alama ya duara, nyeusi kidogo, ndani ya ile nta, pale mpira wangu ulipogonga. Tukaibeba hiyo moja tu. Alijifungia nayo wiki nzima. Alipotoka alikuwa na kigoda cha miguu minne, mbao zimeungana usione mshono, na alama ile iko juu, katikati ya mahali pa kukalia.

Tukakipeleka Kwihara mimi, dada na yeye. Alisimama nje ya ua, uso njiani, akapiga makofi. Dada akaingia na kigoda. Mama alikigeuza juu chini, akakigonga kwa kidole, ko, akatabasamu kabla hajajizuia. Akakiweka kivulini, akakikalia. Basi, uso umefunguliwa. Akamwita mkwewe aingie.

Shemeji akaingia akitazama miguu yake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akainua macho akamtazama mama yangu. Miaka saba. Sote tulingoja tusikie neno la kwanza litakuwa lipi, baraka au shukrani.

Mama akasema, "Baba, lile goli hukuliona."

Niliona shemeji anatafuta pa kukimbilia. Kisha akaacha kutafuta.

"Sikuliona, mama," alisema. "Nililisikia."

"Kaa chini," mama akamwambia, "nikusimulie."

Akakaa chini kwenye vumbi, suruali yake ya Jumapili na yote, uso wake mbele ya uso wa mama. Mimi nikafungua mdomo nianze kwa kueleza nilivyopokea mpira, na wote wawili, kwa pamoja, wakaniambia ninyamaze.